Mahali pa Kusimama: Nachingwea, Ruangwa na Roketi za Ungwana

Shahidi wa jambo lolote huulizwa maswali mawili: aliona nini, na alikuwa wapi alipoona. Swali la pili hudharauliwa mara nyingi, na hali ndilo linalolipa thamani jibu la swali la kwanza. Baraza la wazee, liwe la Wamwera wa Ruangwa au la wavuvi wa Ngomeni, haliwezi kukata shauri la mpaka wa shamba kwa maneno ya mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya kichuguu. Historia nayo ni baraza. Yafaa basi iwe na desturi ya kuuliza mahali.

Katika mambo yaliyotukia Afrika ya Mashariki katika karne ya 20, ni machache yanayolihitaji swali hilo kama urushaji wa roketi. Roketi ikiondoka hairudi ili itazamwe tena. Huwaka, hunguruma, hupanda na kutoweka kwa dakika chache, na mtu aliyechagua mahali pabaya hubaki na moshi machoni na picha tupu mkononi. Kati ya mwaka 1967 na mwaka 1988, roketi tisa zilizobeba setilaiti ziliondoka katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, zikaelekea mashariki juu ya Bahari ya Hindi. Makala hii yataka kueleza wapi mtu aliweza kusimama azione na kuzipiga picha. Inaanzia mbali na Malindi, Nachingwea na Ruangwa, kwa kuwa nchi hiyo iliwahi kulipa gharama kubwa kwa kosa la watu waliotazama kutoka mahali pasipofaa.

Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma wajumbe watatu, wakiongozwa na John Wakefield, kutafuta ardhi ya kulimia karanga Afrika ya Mashariki na ya Kati. Vita vilikuwa vimekwisha, mafuta ya kupikia yalikuwa haba Uingereza, na wenye shauri waliona haraka. Wajumbe walitumia majuma tisa tu, na sehemu kubwa ya nchi waliyoipima waliiona kutoka katika ndege. Kutoka juu, pori la Nachingwea lilionekana kama zulia la kijani lisilo na mwenyewe, tambarare na tayari kulimwa. Ripoti yao ilitaka ekari 3,210,000 zifyekwe, na fungu kubwa kuliko yote lilipangiwa Jimbo la Kusini la Tanganyika. Reli ikajengwa kutoka pwani hadi Nachingwea, matrekta yakaletwa, mji ukapimwa. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mradi uliachwa baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 36, na reli yenyewe ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Wengi wameeleza sababu za kushindwa huko: mvua isiyotegemewa, mizizi migumu, mitambo isiyofaa, na ardhi inayokauka ikawa kama saruji. Sababu hizo ni za kweli. Lakini zote zingeweza kujulikana na mtu aliyesimama chini, mwenye jembe mkononi, akizungumza na mkulima aliyeshinda hapo miaka thelathini. Aliye juu huona mbali, lakini huona kile tu kinachoonekana kutoka juu. Nachingwea inafundisha kwamba kimo si ubora wa mahali. Ubora wa mahali hupimwa kwa kitu kinachotafutwa. Anayetafuta udongo na asimame juu ya udongo, na anayetafuta moto unaopanda mbinguni na ajue kwanza moto huo utatokea upande gani, saa ngapi, na utaelekea wapi.

Miaka michache baada ya matrekta kuondoka Nachingwea, mtu mwingine alianza kutafuta mahali Afrika ya Mashariki. Huyu alikuwa Luigi Broglio, mhandisi wa anga na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Roma. Mwaka 1962 Italia na Marekani zilipatana kushirikiana: Wamarekani watoe roketi aina ya Scout na mafunzo, Waitaliano watengeneze setilaiti na kituo cha kuirushia. Broglio alitaka mahali penye sifa mbili. Kwanza pawe karibu na Ikweta. Dunia inapojizungusha, mtu aliyesimama kwenye Ikweta hubebwa kuelekea mashariki kwa mwendo wa karibu mita 465 kwa nukta moja, bila yeye kuhisi. Roketi inayoondoka hapo kuelekea mashariki huanza safari ikiwa na zawadi ya mwendo huo, kama mtu anayeruka kutoka chombo kinachokwenda kwa tanga. Pili, pawe na bahari tupu upande wa mashariki, ili vipande vinavyoachwa njiani vianguke majini, visiangukie vichwa vya watu.

Ghuba ya Ungwana ilikuwa na sifa zote mbili. Ipo chini ya digrii 3 kusini ya Ikweta, na mbele yake hakuna ila maji. Majukwaa mawili ya chuma yaliletwa yakasimamishwa baharini kwa miguu yake, kilometa chache kutoka rasi ya Ngomeni. Moja liliitwa San Marco, ndilo la kurushia. La pili liliitwa Santa Rita, ndilo la waongozaji wa kazi. Mwaka 1964 roketi ndogo za majaribio zilirushwa kutoka hapo. Tarehe 26 Aprili 1967 roketi ya Scout ilibeba setilaiti ya San Marco 2, na tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ikarushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Kiswahili: Uhuru. Hiyo ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei inayotoka katika nyota. Mkuu wa mradi huo, Marjorie Townsend, alikuwa mwanamke, jambo lililokuwa geni katika kazi hiyo wakati huo.

Sasa na asimame mtazamaji. Mahali pa kwanza pa kufikiriwa ni ufukwe wa Ngomeni wenyewe. Kutoka hapo jukwaa lipo upande wa kaskazini, kidogo kuelekea mashariki, umbali wa kilometa tano hivi. Roketi ya Scout ilikuwa na kimo cha mita 23 hivi. Kwa umbali huo huonekana kama sindano iliyochomekwa juu ya meza ndogo. Ikiwashwa, jicho huona mwali papo hapo, lakini sauti husafiri mita 340 kwa nukta moja, kwa hiyo ngurumo hufika baada ya nukta 15. Mpiga picha anayengoja asikie ndipo afungue kilango cha kamera atapiga picha ya moshi. Hapa sikio ni shahidi anayechelewa barazani.

Jambo la pili ni jua, na hapa kalenda ina neno kubwa. Uhuru iliondoka karibu saa nane mchana, mwezi wa Desemba. Katika mwezi huo jua lipo kusini, na saa hiyo limekwisha vuka utosi kuelekea magharibi. Mtu aliyesimama Ngomeni akitazama kaskazini alikuwa na jua mgongoni. Mwanga uliangukia jukwaa na roketi kwa mbele, na anga la nyuma yake likawa la buluu iliyokolea. San Marco 2 nayo iliondoka mchana, lakini mwezi wa Aprili, jua likiwa limehamia kaskazini. Mtazamaji yuleyule, katika ufukwe uleule, safari hii alikuwa na jua upande wa uso wake, likimwaga weupe juu ya bahari na kuufifisha mwali. Mahali pamoja, basi, ni pazuri Desemba na pabaya Aprili. Anayesema kwamba mahali fulani ni pazuri bila kutaja mwezi na saa hajasema neno lililotimia.

Jambo la tatu ni upepo. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, moshi wa roketi husukumwa kutoka baharini kuja pwani. Mtazamaji wa Ngomeni hupata nukta chache za picha safi, kisha wingu huja likaziba. Kusi ikivuma, moshi huenda zake kaskazini, na njia ya roketi hubaki wazi. Wavuvi wa Ngomeni, waliokuwa wakijua upepo kabla ya kujua neno roketi, wangeweza kumweleza mpiga picha yeyote jambo hili bila malipo, kama angewauliza.

Jambo la nne ni mwelekeo. Kwa kuwa roketi zilielekea mashariki, mtazamaji wa Ngomeni aliona moto ukiinuka kushoto kwake kisha ukipinda kuelekea kulia, baharini. Mwenye kamera humpasa aache nafasi upande wa kulia wa picha, vinginevyo roketi itatoka katika fremu kabla ya moto wake kupungua. Na mtu wa Malindi mjini, umbali wa kilometa 30 na zaidi, hakuweza kuona jukwaa kabisa, kwa sababu mviringo wa dunia pekee huficha mita 80 za chini kwa umbali huo, licha ya rasi na minazi. Aliona nyota ya mchana ikichomoza juu ya miti, kisha akangoja dakika moja na nusu ndipo aisikie. Hata hivyo hakuonewa. Mtu wa Ngomeni alipata nguvu ya tukio. Mtu wa Malindi alipata umbo lake zima, mkunjo wote kutoka miti hadi mawinguni. Mmoja alihitaji lenzi ndefu, mwingine lenzi pana. Mambo mawili haya hayapatikani katika picha moja.

Swali linalofuata ni kama mtu wa Nachingwea au wa Ruangwa angeweza kuona chochote. Kwa haraka jibu ni hapana, lakini jibu la haraka ndilo lililopanda karanga. Yafaa hesabu ifanywe.

Kutoka Nachingwea hadi jukwaa la San Marco ni kilometa 840 hivi kwa mstari ulionyoka. Kutoka Ruangwa ni karibu 800. Kwa kuwa dunia ni mviringo, kitu kilicho mbali huzama chini ya upeo wa macho, na kina cha kuzama huongezeka upesi kuliko umbali. Mtu wa Tanga, aliye umbali wa kilometa 265, huanza kuiona roketi ikifika kimo cha kilometa tano na nusu. Mtu wa Dar es Salaam hungoja mpaka ifike kilometa 15. Mtu wa Ruangwa hungoja kilometa 50, na wa Nachingwea kilometa 55. Maana yake ni kwamba moto wa kwanza, ule mkubwa wenye moshi mzito, hauonekani Kusini. Lakini Scout ilikuwa na vipande vinne vilivyopandana, kila kimoja kikiwaka baada ya mwenziwe kwisha, na vile vya juu viliwaka katika kimo kinachozidi hapo. Roketi ikiwa kwenye kimo cha kilometa 100, kwa mtu wa Nachingwea huwa digrii tatu hivi juu ya upeo, yaani upana wa vidole viwili mkono ukinyooshwa.

Mchana cheche hiyo haionekani; anga huimeza. Lakini roketi zote hazikuondoka mchana. Setilaiti ya SAS-2, iliyochunguza miale ya gama, iliondoka usiku wa kuamkia tarehe 16 Novemba 1972. Ile ya SAS-3 iliondoka usiku wa manane wa tarehe 8 Mei 1975, na San Marco ya mwisho usiku wa tarehe 25 Machi 1988. Kati ya hizo, ile ya Mei 1975 ndiyo iliyokuwa na masharti mema zaidi kwa mtu wa Kusini. Masika yalikuwa yanakwisha katika nchi ya Nachingwea, na mwezi ulikuwa umebakiwa na siku tatu tu kabla ya kuandama, haujachomoza saa hiyo. Giza lilikuwa giza kweli.

Angepaswa kutazama wapi? Jibu lipo katika kila msikiti wa Nachingwea na Ruangwa. Makka ipo karibu sawasawa na kaskazini ya miji hiyo. Aliyesimama kuelekea kibla ameelekea kaskazini. Ngomeni ipo kulia kwa mstari huo, kiasi cha digrii kumi, ambazo ni upana wa ngumi ya mkono ulionyooshwa. Hivyo mtu asiye na dira angeweza kuelekea kibla, akanyoosha mkono, akapima ngumi moja kulia, na hapo juu ya upeo akangoja.

Angepaswa kusimama wapi? Si katika shamba la mikorosho. Mkorosho wenye kimo cha mita kumi, ulio umbali wa mita mia moja, huficha karibu digrii tano za anga, na jambo zima linalotafutwa lipo katika digrii tatu. Si mjini, penye taa na moshi wa majiko. Angehitaji kilima kilicho wazi upande wa kaskazini. Kilima chenye kimo cha mita 300 juu ya nchi inayokizunguka humpa mtazamaji wa Nachingwea faida ya kilometa saba na nusu hivi: badala ya kungoja roketi ifike kilometa 55, humtosha ikifika 48. Hapa kimo kina kazi, kwa kuwa kitu kinachotafutwa kipo juu na mbali. Kilima kilekile hakingemfaa mtafuta udongo. Na kamera ingepaswa kusimamishwa juu ya kitegemeo cha miguu mitatu, lenzi ikilengwa mapema juu ya nyota ili picha isiwe na ukungu, na kilango kiachwe wazi kwa dakika nzima au zaidi. Cheche isiyoonekana kwa jicho ila kwa shida ingeandika mstari mwembamba juu ya filamu, ukitoka kushoto kwenda kulia juu ya weusi wa miti.

Hakuna lililo katika hesabu hii linalosema kwamba mtu fulani aliuona mstari huo. Hesabu husema tu kwamba mahali palikuwapo. Lakini ni vema kukumbuka Nachingwea ya Mei 1975 ilikuwa mji gani. Katika ardhi iliyoachwa na mradi wa karanga, tangu katikati ya miaka ya 1960, wapigania uhuru wa Msumbiji wa chama cha FRELIMO walikuwa na kambi yao kuu ya mafunzo. Tarehe 24 Mei 1975, siku 16 baada ya SAS-3 kuondoka, Samora Machel alivuka Mto Ruvuma kuanza safari ya kuipita nchi yake yote hadi kusini, na tarehe 25 Juni bendera ya Msumbiji huru ikapandishwa. Walinzi wa usiku wa Nachingwea walikuwa macho mwezi huo. Walikuwa wakitazama kusini, alikokuwa adui aliyeshindwa na nyumba iliyongoja. Kama cheche ilipita mgongoni mwao, ilipita bila shahidi, na hakuna wa kuwalaumu: kila mtu huchagua pa kutazama kwa kadiri ya kinachomhusu maisha yake.

Afrika ya Mashariki ina mifano mingine miwili ya kuchagua mahali, na yote miwili ina onyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani walijenga huko Tunguu, kisiwani Unguja, kituo cha kusikilizia vyombo vya mradi wao wa Mercury. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipoizunguka dunia, sauti yake ilipokewa hapo. Tunguu palikuwa mahali pa kutazama pasipohitaji jicho: palitazama kwa redio. Lakini Waunguja wengi hawakuelezwa vya kutosha ni kitu gani kilichojengwa, na katika siasa kali za miaka hiyo kikaitwa kituo cha roketi za vita. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ilitaka kiondolewe, kikaondolewa mwaka huohuo. Kituo hakikurusha hata fataki, lakini watu waliokizunguka hawakupewa mahali pa kusimama wakakiona kilivyo. Asiyeonyeshwa hujionyesha mwenyewe kwa dhana.

Mfano wa pili upo Kongo ya mashariki, wakati huo ikiitwa Zaire. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya Kijerumani iliyoitwa OTRAG, chini ya mhandisi Lutz Kayser, ilipewa na serikali ya Mobutu eneo la kilometa za mraba 100,000 huko Shaba ya kaskazini, katika nchi ya wasemaji wa Kiswahili cha bara. Roketi zilirushwa kutoka uwanda ulioinuka kando ya bonde la Mto Luvua. Ya kwanza iliondoka tarehe 17 Mei 1977, ya pili mwezi wa Mei 1978. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, ilirushwa mbele ya Mobutu mwenyewe, akiwa amewekwa mahali pa heshima. Roketi ilipanda kidogo, ikapinduka, ikaanguka bondeni. Mahali pa heshima ndipo palipoonyesha kushindwa vizuri kuliko mahali pengine popote. Mwaka uliofuata kazi ilisimamishwa Zaire.

Mambo haya yote yanarudi kwenye swali la ushahidi. Picha za urushaji wa Ungwana zinazochapishwa mara kwa mara ni za wenye mradi. Zilipigwa kutoka mahali pa wenye mradi, na huonyesha kile ambacho wenye mradi walitaka kujua: chuma, moto, pembe ya kupanda. Ni picha za kweli, lakini ni za upande mmoja, kama ile picha ya Nachingwea iliyoonekana kutoka katika ndege. Haimo ndani yake pwani. Haumo mtumbwi uliovutwa mchangani, wala mwalimu aliyetoa watoto darasani, wala bibi aliyeziba masikio nukta kumi na tano baada ya wengine kushangilia. Mtu akitaka kuandika historia ya roketi hizo kama jambo lililotukia Afrika ya Mashariki, wala si kama jambo lililopitia Afrika ya Mashariki, hana budi kutafuta macho yaliyokuwa ufukweni.

Macho hayo hayatadumu. Aliyekuwa na umri wa miaka kumi siku ya Uhuru mwaka 1970 amekwisha pita miaka sitini, anaelekea uzeeni au yumo. Tangu mwaka 1988 jukwaa la San Marco halijarusha setilaiti tena. Kituo, ambacho sasa kina jina la Luigi Broglio aliyefariki mwaka 2001, kimebaki na kazi ya kufuatilia vyombo vilivyorushwa kwingine. Setilaiti ya Kenya iitwayo Taifa-1 iliondoka tarehe 15 Aprili 2023 kutoka California, si kutoka Ngomeni. Kwa hiyo hakuna tukio jipya litakalomfundisha kijana wa pwani yale ambayo babu yake aliyaona. Yatapatikana kwa kuuliza tu, na anayeuliza na aulize sawasawa: ulikuwa umesimama wapi, ulielekea wapi, jua lilikuwa upande gani, upepo ulivumaje, sauti ilikuja baada ya muda gani. Kwa majibu hayo mtu aweza kujua kama msimulizi aliona au alisimuliwa, kwa kuwa jua la Desemba na kaskazi havidanganyi.

Na vijana wa Nachingwea na Ruangwa wana fungu lao katika jambo hili, wala si fungu la wageni. Chini ya ardhi ya Ruangwa kuna madini ya kinywe, na katika vilima vya Ntaka, Nachingwea, kuna nikeli. Kinywe hustahimili moto mkali kuliko metali nyingi. Roketi za V-2 za Wajerumani ziliongozwa kwa mapezi ya kinywe yaliyowekwa ndani ya moto wenyewe, na koo za roketi nyingi za fueli ngumu hutengenezwa kwa kinywe. Nikeli huingia katika metali za mitambo inayowaka kwa joto kubwa. Nchi iliyotazamwa kutoka juu mwaka 1946 ikadhaniwa kuwa ya karanga tu, inatazamwa tena leo na watu wengine, kwa macho mengine. Safari hii wenyeji hawana sababu ya kungoja ripoti ya mtu aliyepita kwa ndege. Wao ndio waliosimama juu ya udongo.

Basi kuchagua mahali pa kutazama si kazi ndogo ya mwenye kamera peke yake. Ni kazi ya kila mtu atakayeulizwa kesho aliona nini. Mwenye haki ya kujibu ni yule aliyejua mapema jua litakuwa wapi, upepo utatoka wapi na moto utaelekea wapi, akaenda akasimama hapo kabla ya saa, akangoja. Wengine hufika ngurumo ikisikika. Na ngurumo ikisikika, mwenyewe ameshakwenda.